Malkia na Mabati ya Anitha

7 Januari, Haneti

Nimefika jana, mguu wa kushoto umefungwa hogo la plasta kutoka gotini mpaka vidoleni. Bodaboda ilinimwaga sokoni Majengo mbele ya wauza mchele, na wa kwanza kunikimbilia alikagua gunia lake kabla ya kunikagua mimi. Daktari amesema nikae hivi mpaka mwezi wa tatu. Nyumbani Dodoma tunakaa ghorofa ya tatu, na Elisha, mume wangu, yuko Mwanza kwenye kazi ya barabara. Kwa hiyo mama yake alipiga simu mwenyewe: "Mleteni Mwanasha huku. Huku hakuna ngazi."

Kweli hakuna ngazi. Hakuna mvua pia. Watu wamepanda uwele na mtama, sasa wanatazama juu.

Nimepewa chumba kimoja na Anitha, mke wa shemeji yangu Meshack. Nyumba ya Meshack iko uani hapa hapa, ina mabati mapya yanayong'aa mpaka unafumba macho. Nilipouliza kwa nini Anitha analala kwa mkwe wakati mume yuko upande wa pili wa ua, Mama alinijibu kwa kunisogezea bakuli la mlenda.

9 Januari

Mvua hakuna. Mlenda upo.

10 Januari

Nimepata habari kwa Devota, jirani yetu, ambaye hasubiri kuulizwa. Mwaka jana mavuno yalikuwa mabaya, Anitha akaenda Mtumba kuwapikia mafundi wanaojenga ofisi za wizara. Akakaa huko kiangazi kizima, akarudi amepanda lori pamoja na mabati. Meshack akayapokea, akaezeka nyumba, akalala chini yake. Ndipo watu wakaanza kusema: mwanamke peke yake, mafundi wote wale, mabati yote yale. Sasa Meshack anataka mkewe aape mbele ya wazee wa ukoo na mwinjilisti kwamba hakuwa na mtu huko. Anitha amesema haapi. Akahamishia godoro lake kwa Mama.

"Na hao walioanza kusema ni akina nani?" nikamwuliza.

Devota akageuka kutazama kuku.

Anitha mwenyewe hanisemeshi. Anaamka kabla yangu, anakwenda shamba, anarudi, analala amenipa mgongo. Nadhani ana kiburi.

13 Januari

Nimeanza riwaya niliyoazimwa na Mama Jayshree, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Ni ya Kiingereza, imeandikwa na mwanamke wa huko India. Hadithi yenyewe kwao ni ya kale na takatifu. Mfalme kijana anafukuzwa kwenda msituni, mkewe anafuatana naye, mke anaibwa na mfalme wa kisiwani mwenye vichwa kumi, na mume anapigana vita mpaka anamrudisha. Siku zote husimuliwa kama habari ya mfalme. Huyu mwandishi amemwachia mke asimulie mwenyewe. Aliponikabidhi, Mama Jayshree alisema, "Sisi huyo mfalme tunamwomba. Mimi namwomba kila asubuhi. Lakini kuna swali nataka kumwuliza tangu nikiwa msichana." Hakuniambia ni swali gani.

Nilicheka mahali fulani, Mama akanisikia.

"Unacheka na nani?"

"Na kitabu, Mama."

"Kimesema nini?"

Basi nikamweleza, huku tunabangua karanga za mbegu. Jina la huyo mke lilimshinda ulimi, tukakubaliana kumwita Malkia. Nilipofika kwenye safari ya msituni akanisimamisha.

"Wamekwenda watatu. Yeye, mumewe na shemeji yake."

"Ndiyo, Mama."

"Anayepika ni nani?"

"Kitabu hakijasema."

"Basi ni yeye," akasema, akaendelea kubangua.

16 Januari

Vichwa kumi vimetuchukua alasiri nzima. Devota naye alikuja, ameleta karanga zake azibangulie hapa hapa. Mama alitaka kujua huyo mfalme wa kisiwani akila anaanza na mdomo upi. Devota akauliza akilala anageukaje, na kama vinakoroma kwa pamoja au kwa zamu. Nikasema kitabu hakikuingia huko.

Anitha alikuwa anachambua mawe kwenye mtama. Bila kuinua macho akasema, "Mimi namhurumia mkewe. Midomo kumi inauliza chakula kiko wapi, na tumbo ni moja."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Hayo ndiyo maneno ya kwanza marefu niliyoyasikia kwa Anitha.

19 Januari

Mvua. Wote wamekwenda mashambani. Nimebaki na mguu wangu.

20 Januari

Mvua.

24 Januari

Sasa wanakuja wanawake wa nyumba nyingi. Mtu anaegemeza jembe mlangoni, anasema "Mbukwenyi," sisi tunaitikia, anaketi na karanga zake. Hata mimi nimejifunza kuitikia salamu bila kuchekwa.

Meshack ameanza kukarabati zizi la mbuzi, ambalo ukuta wake unapakana na baraza letu. Jana aligongea miti miwili. Leo kaing'oa, kaigongea tena. Nikisoma anagonga polepole. Nikinyamaza kumeza mate, naye ananyamaza.

27 Januari

Hakuna kusoma, palizi. Zizi halikuguswa.

30 Januari

Tumefika kwenye moto.

Vita imekwisha, mfalme wa kisiwani amekufa na vichwa vyake vyote. Malkia anaoga, anavaa, anapelekwa mbele ya mumewe baada ya miezi yote ile ya kumngoja. Na mume anamwambia, watu wote wanasikia: nimepigana kwa ajili ya heshima ya jina langu. Wewe umekaa nyumba ya mwanamume mwingine. Nenda unakotaka.

Nilipotafsiri hapo hakuna karanga iliyopasuka. Kisha kichwa kimoja kikageuka kutazama zizi, na cha pili, na vyote. Kule nyuma nyundo ilianguka.

Nikaendelea, maana kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi. Malkia anaomba kuni zikokwe, anaingia motoni, moto unakataa kumuunguza. Mume anasema alijua tangu mwanzo, alitaka watu waone.

"Alijua tangu mwanzo," Mama akarudia, taratibu.

Anitha alibeba ungo wake akaingia ndani.

31 Januari

Meshack alikuja asubuhi wenzake wakiwa shamba. Ana kuku mkononi, miguu imefungwa.

"Shikamoo shemeji." Mimi ni mke wa kaka yake mkubwa, lakini nimemzidi mwaka mmoja tu, na hajawahi kuniamkia hivyo.

"Marahaba. Karibu."

"Hicho kitabu kiliandikwa lini?"

Nikamwonyesha mwaka kwenye ukurasa wa mbele. Akausoma, akaonekana kupata nafuu kidogo. Akaomba nimwonyeshe mahali mfalme aliposema yale maneno. Nikamwonyesha. Akapita na kidole chini ya mistari kama anayetafuta jina lake.

"Kwa hiyo hukuongeza wewe."

"Sikuongeza, shemeji."

"Sasa huyo mfalme huko mbele atapata maneno mazuri?" Akamweka kuku chini. "Kama hayapo si unaweza kumtafutia hata mawili? Wewe ni msomi."

Nikamwambia kuku arudi bandani. Ameondoka naye, kuku anapiga kelele, na Devota akatokea kwake wakati huo huo kuuliza kuku wa nani anauzwa.

Nikilinganisha na mfalme, huyu angalau ameona haya.

2 Februari, Jumapili

Mimi ni Mwislamu wa Muheza, nilibaki nyumbani. Haya amenisimulia Mama, na Mama haongezi chumvi.

Mwinjilisti Nathanaeli, ambaye juzi alipita hapa kuonya kuhusu vitabu vya dini za watu, leo amehubiri habari za moto. Amesema yuko mwanamke fulani wa kale, jina hakutaja, aliyemtii mumewe akaingia motoni bila kubisha, na wanawake wa leo wanashindwa hata kutamka maneno machache ya kiapo. Mwisho wa mahubiri huwa anauliza kama kuna mwenye swali, na haijatokea mtu akawa nalo.

Devota akasimama. "Mwinjilisti, na yule mume aliingia motoni lini?"

"Mume hakuambiwa aingie."

"Ndicho ninachouliza. Naye si alikaa peke yake muda huo huo?"

Mwinjilisti akasema tuimbe. Mama anasema waliimba wimbo wote, na bado swali lilikuwepo.

6 Februari

Mvua. Barabara ya Dodoma imekatika kwenye korongo. Mlenda wa leo ulikuwa mtamu, au nimezoea.

11 Februari

Kumbe moto haukumaliza kesi. Malkia amerudi ikulu, ana mimba, na mtu mmoja mfua nguo ameropoka mtaani kwamba yeye asingempokea mwanamke aliyekaa nyumba ya mwingine. Neno limemfikia mfalme. Mfalme amempeleka mkewe msituni na kumwacha huko.

"Kwa neno la mfua nguo?" Mama akauliza.

"Ndiyo."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja, Mama."

Devota aliondoka mapema. Alisema ameacha maharage motoni, ingawa mwezi huu hakuna mwenye maharage.

Jioni, wakati tunatandika, Anitha alinisemesha. "Dada Mwanasha, umeona? Aliingia motoni akatoka mzima, na bado wakasema. Mimi nikiapa leo, kesho wataniambia niape upya kwa sababu nilikwenda mnadani."

Nikamwambia nilidhani ni kiburi.

"Ni kiburi," akasema. "Ila sababu ninayo."

14 Februari

Mama ametoa uamuzi wake mbele ya wazee wa ukoo, ameketi kwenye kigoda, sauti ya kawaida kabisa. Amesema kiapo kitakuwepo. Ataanza Meshack, aeleze alikaaje hapa peke yake kiangazi kizima na alikula kwa nani, halafu atafuata Anitha. Wazee walitazamana. Mmoja akasema mila haijawahi kwenda hivyo. Mama akamwambia hata wanawake kwenda kuwapikia mafundi mila haikuwahi, na mabati mmeyaona.

15 Februari

Meshack amekwenda Busi kuangalia mbuzi. Hatukuwa tunajua kama ana mbuzi Busi.

18 Februari

Mvua.

19 Februari

Mvua. Meshack bado anaangalia mbuzi.

22 Februari

Mvua. Mahindi machanga ya bustani za bondeni yameanza. Nimekula manne, Mama akaniambia mguu haukai tumboni.

25 Februari

Meshack amerudi, amekonda, bila mbuzi. Amepita uani kichwa chini, akaingia kwake, akafunga mlango.

26 Februari

Leo naandika mengi.

Nyumba ya Meshack ilikuwa tembe la baba yake. Mabati yaliwekwa juu ya kuta zile zile za udongo, na mvua hizi zilikuwa zinaula ukuta wa nyuma toka chini bila mtu kuona. Mchana ulikuja upepo kabla ya mvua. Tukasikia mabati yanapiga kelele, kisha kishindo, kisha Meshack anaita. Hakuwa anaita jina la mtu, anaita tu.

Anitha alikuwa anasonga ugali. Aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria akavuka ua kwenye mvua. Mimi nilimfuata na magongo yangu, nikakwama kwenye tope, nikajinasua, nikakwama tena. Nilipofika mlangoni nikaona ukuta wa nyuma umelala nje wote. Boriti kubwa imeshuka, na Meshack ameibeba begani upande mmoja, uso umemwiva. Anitha alikuwa ameshaingia chini ya upande wa pili, mikono juu. Mmoja akiachia, paa zima linamwangukia mwenzake. Mimi sikuwa na la kufanya. Nikageuza ndoo, nikaketi.

"Toka," Meshack alimwambia mkewe. "Itakuangukia."

"Ni mabati yangu," Anitha akasema.

Maji yanawatiririka.

"Anitha."

"Nipo."

"Mimi najua hukuwa na mtu."

Nikadhani mvua imelimeza neno kabla halijamfikia Anitha. Kisha akauliza, "Unajua tangu lini?"

"Tangu siku uliyoshuka kwenye lori. Hata salamu hujamaliza, ukaniuliza kama nimepalilia karanga."

"Na hukuwa umepalilia."

"Sikuwa nimepalilia."

"Sasa kiapo cha nini, Meshack?"

Akahamisha boriti kwenda bega la pili. "Kilabuni wananiita Baba Bati. Nikipita mtu anagonga debe. Mpaka watoto wanagonga. Nikadhani ukiapa watanyamaza."

Nilitaka kucheka nikajiuma mdomo, maana sauti yake haikuwa ya kuchekwa.

"Malkia aliingia motoni mbele ya jeshi zima," Anitha akasema. "Walinyamaza?"

"Hawakunyamaza."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilisikia yote. Zizi lile nimeligonga mpaka mbuzi wanaogopa kuingia."

Anitha akavuta pumzi. "Umeniuliza kama nilikuwa na mtu. Hujaniuliza hata siku moja nilikuwa naishije."

Mvua ilipiga weee. Meshack akasema, kwa shida, "Ulikuwa unaishije?"

Akamwambia. Kuni mbichi, masufuria yanayobebwa na watu wawili na yeye anabeba peke yake, fundi aliyemsumbua na mwiko aliompiga nao, kibanda alicholala na wanawake wengine wakipokezana blanketi. Mengine siandiki, ni yao. Meshack alilia wazi wazi, hana mkono wa kujifutia.

Ndipo nikageuka nikamwona Mama. Amesimama nje ya mlango pembeni, kwenye mvua, amebeba begani gogo refu la kuegemezea boriti. Hasogei. Aliponiona namwona, akaweka kidole mdomoni. Sijui alikuwa pale tangu neno gani. Anitha alipomaliza yote, ndipo Mama akaingia.

"Nimechelewa," akasema. "Gogo lilikuwa mbali."

Gogo lile huwa limeegemea ukuta wa jiko, kando ya sufuria ya Anitha.

Wakaliegemeza. Wanaume wakaja na kamba. Ugali uliungua, tukala hivyo hivyo. Nimemwona Mama wiki zote hizi kama mtu mkavu, anayesikiliza hadithi kwa ajili ya kutafuta makosa. Leo sijui nimwite nani.

27 Februari

Meshack alikuja kumwomba mkewe arudi. Anitha alikuwa anaosha lile sufuria la ugali ulioungua.

"Waliposemea ndipo ukasemee," akamwambia.

"Kilabuni?"

"Kilabuni na kanisani. Wengine wanahudhuria sehemu moja tu."

2 Machi, Jumapili

Amesema. Kilabuni jana, kanisani leo. Mama anasema alisimama wakati wa matangazo, akashika benchi la mbele kama vile bado ana boriti begani. "Mabati ni ya mke wangu," alisema. "Alikwenda kufanya kazi, akafanya, akarudi. Nilitaka kiapo ambacho sikukihitaji. Mimi ndiye Baba Bati. Mnaweza kuendelea." Watu hawakucheka, naye alikuwa amejiandaa kwa kicheko, kwa hiyo akakosa pa kwenda akaketi katikati ya kwaya.

Mwinjilisti Nathanaeli alimshukuru, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Akamtazama Devota. Devota akatazama sakafu.

6 Machi

Sura ya mwisho. Baraza limejaa, na Meshack ameketi nasi, amepewa karanga abangue. Asubuhi alinifuata kuniomba nisisome hiyo sura, au nimrudishe Malkia nyumbani. Nikiri hapa: nilikuwa tayari kumrudisha. Nilishamtungia mapokezi, ngoma na ng'ombe wa kuchinjwa, na nilikuwa nimefika kwenye ng'ombe Mama aliponikatiza.

"Unasoma au unatunga?"

"Nasoma, Mama."

"Hujageuza ukurasa tangu uanze."

Basi nikasoma yaliyoandikwa. Miaka imepita, watoto wa Malkia wamekua, mfalme amemwona tena. Anamwomba arudi, ila kwanza athibitishe kwa mara nyingine mbele ya watu. Malkia hamjibu. Anasema na ardhi, kwa maana yeye hakuzaliwa, aliokotwa kwenye mfereji wa jembe, na ardhi ndiyo mama yake. Ardhi inafunguka, inampokea, inajifunga.

Devota alikuwa analia bila sauti. Mama akauliza, "Na mfalme?"

"Alibaki na nchi yake."

"Nchi hiyo hiyo iliyofunguka?"

"Hiyo hiyo."

Mama akatikisa kichwa. Mimi nikaogopa kumtazama Anitha. Yeye ndiye aliyezungumza.

"Mwenzangu ardhi ilikuwa mama yake," akasema. "Mimi hii nimeilima, na karanga zangu zimo ndani hazijakomaa. Siingii. Anayetaka kuingia atangulie."

Wanawake waliangua kicheko mpaka mbuzi wakakimbia. Meshack alicheka pia, ila alisogeza kiti chake mbali kidogo na shimo la maganda.

11 Machi

Ukuta wa nyuma umesimama. Anitha aliukagua, akasema umeinama. Meshack ameubomoa.

13 Machi

Ukuta umesimama tena. Anitha ameupiga kwa kiganja mara kadhaa, safari hii hajasema umeinama. Meshack anamfuata nyuma kama mtahiniwa.

15 Machi

Korongo limepungua na Elisha amekuja na gari kunichukua. Hogo litakatwa Jumatatu mjini. Tulikuwa tunapakia mahindi ambayo Mama ameamua ni ya lazima, Meshack yuko mtoni kuchota mchanga, tukamwona Anitha anatoka chumbani kwetu na godoro kichwani. Alivuka ua, akaingia kwenye nyumba yenye mabati, mlango ukarudi.

Meshack alirudi na mchanga. Akaona moshi unatoka jikoni kwake. Akatua ndoo, akanawa mikono, akajifuta kwenye suruali. Akakaribia mlango, na pale akasimama. Elisha alitaka kumwuliza anangoja nini, Mama akamshika mkono.

"Hodi," Meshack akasema.

Shamba la jirani majembe yalikuwa yamesimama.

"Hodi."

"Nani?" Anitha akauliza kutoka ndani.

"Mimi. Meshack."

"Meshack yupi?"

Akafikiri. Alifikiri vizuri, bila haraka, uso kwa uso na mlango alioutengeneza mwenyewe. "Mume wako," akasema. "Kama bado nafasi ipo."

Tukasikia kitu kinapigwapigwa ndani, taratibu.

"Karibu," akasema Anitha. "Sukuma mwenyewe, mikono yangu ina unga."